Ua Lisilotoa Ua

Mama alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, mapema kuliko kawaida yake. Nikadhani kuna msiba.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Lile ua lako uliloniletea limeingiliwa na wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wa kahawia. Wamejipanga chini ya majani, pembeni pembeni, mistari kwa mistari. Ila usiwe na wasiwasi, nimeshawashughulikia. Nimechukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nimesugua jani moja moja mpaka wametoka."

Nikaketi kitandani. Ua hilo nilimnunulia kwa muuza maua wa barabarani hapa Dar es Salaam, kijana aliyeniambia bila kuficha kwamba alilichimba mwenyewe kwenye ukuta wa mtaro. Lilikuwa kwenye mfuko mweusi wa nailoni, majani yake marefu yamechanika kama kitana, nikalipakata kwenye basi mpaka Morogoro. Na hao wadudu hawakuwa wadudu. Mama alikuwa amesugua uzazi wote wa mmea ule kwa mswaki.

Nilipomweleza alinyamaza kidogo. Sikumlaumu, maana nimeona watu wengi wakipulizia dawa mistari ile ile wakidhani ni ugonjwa. Kisha akaniuliza swali ambalo lilinikaa kichwani miezi kadhaa: "Sasa kama huo ndio uzazi wake, maua yake yako wapi?"

Hayapo. Hayajawahi kuwapo.

Mtaani kwetu kila mmea unaopandwa ili kupendezesha nyumba huitwa ua. Anayeuza ni muuza maua, hata siku ambayo kwenye toroli lake hakuna petali hata moja. Kwa hiyo kangaga nalo ni ua. Jina la kangaga lenyewe wanalijua zaidi watu wa pwani. Wengi wetu wa bara tunaelekeza tu kwa mkono, tunasema yale majani ya mtoni ambayo machipukizi yake hujikunja kama mkia wa kinyonga. Ukoo wa makangaga una zaidi ya miaka milioni 350 duniani, una aina zaidi ya 10,000, na katika muda huo wote haujachanua ua hata moja wala kutoa mbegu hata moja. Lile la Mama ni aina ya Pteris vittata, linalopenda sana chokaa, ndiyo maana unaliona likiota kwenye kuta kuukuu na kingo za mitaro ya mjini. Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kwamba mmea huu hunyonya aseniki, ile sumu, kutoka kwenye udongo na kuilimbikiza kwenye majani bila kudhurika. Watu wanapita mbele yake kila siku wakienda kazini.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Morogoro. Kuna jani moja la chini Mama alikuwa amelisahau. Nikalikata.

Usiku ule nililaza jani kwenye karatasi nyeupe, upande wenye mistari ukiwa juu, nikasogeza taa ya mezani karibu, nikabana lenzi ndogo kwenye kamera ya simu. Dakika mbili tatu hakikutokea kitu. Kisha mstari wa kahawia ukaanza kutikisika, kama ufuta unapoanza kupata moto kwenye kikaango. Kipunje kimoja kikaruka. Kingine kikafuata. Baada ya robo saa karatasi ilikuwa na vumbi laini sana, rangi ya majani makavu ya chai, na nilipopumua karibu yake likahama.

Ukiukuza mstari ule unaona vifuko vingi vimesongamana, kila kimoja kimesimama juu ya kikonyo chake. Mgongoni mwa kila kifuko kuna mshipi wa seli zaidi ya kumi, zilizopangwa kama pingili za muwa. Kuta za seli hizo ni nene upande wa ndani na ubavuni, lakini upande wa nje ni nyembamba, na kila seli imejaa maji. Hewa kavu inapoyanyonya maji hayo, ukuta mwembamba huvutwa kuingia ndani. Mshipi mzima huanza kujikunjua kurudi nyuma, kifuko huchanika, na nusu yake ya juu hubebwa nyuma ikiwa imeshika spora, zile chembe za vumbi ambazo mmea huenea kwazo. Maji yaliyobaki ndani ya seli hung'ang'aniana. Yanavutwa, yanavutwa, mpaka ghafla kiputo kinatokea ndani yake, mvuto unakatika, na mshipi unarudi mbele kwa kishindo.

Ni manati. Sina neno bora zaidi. Na manati ya miti ina kitu cha kuizuia isiende na jiwe lenyewe: mkono wako. Kangaga halina mkono, na kwa muda mrefu haikujulikana vizuri linajizuiaje. Mwaka 2012 watafiti waliopiga picha za kasi kubwa walionyesha kwamba mshipi haurudi wote kwa mpigo mmoja. Sehemu ya kwanza hurudi kufumba na kufumbua. Sehemu iliyobaki hurudi polepole, kwa sababu maji bado yanapenya kwenye kuta za seli. Ule upole wa mwisho ndio kizuizi. Mmea umetengeneza manati na mkono wake kwa kutumia maji na ukuta wa seli peke yake.

Kila kifuko hurusha spora 64 kwa kawaida. Hesabu vifuko kwenye jani moja, kisha majani kwenye shina moja, unafika kwenye mamilioni. Zote hizo Mama alizimwaga kwenye mfereji pamoja na povu la sabuni, na huenda baadhi zikaota huko huko, maana ndiko nyumbani kwao.

Hapa Kiswahili kinatutia kwenye mtihani kidogo. Neno mbegu tunalitumia kwa punje ya mahindi, na hilo hilo tunalitumia kwa ya mwanamume. Sasa tunaambiwa makangaga na jamaa zake ni mimea isiyo na mbegu, lakini ukweli ni kwamba mbegu za kiume inazo, tena zinazoogelea, zenye mikia. Kisichokuwapo ni mbegu ile ya pili, ya kupanda shambani. Loweka punje ya haragwe usiku kucha, kesho uipasue katikati: utamkuta mtoto ameshalala mle ndani, ana kijimzizi na vijani viwili, na pande zote mbili amefungiwa masurufu ya safari. Hiyo ni mbegu. Spora haina mtoto wala masurufu ya maana. Ni seli moja tu iliyovaa koti gumu, na ndani yake kuna nusu tu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, za mmea ulioirusha. Haikutokana na kuoana kwa dume na jike. Kuoana kwenyewe bado.

Jambo hili lilinichukua miaka kulielewa, ingawa nililijibu sahihi kwenye mtihani. Shuleni nilichora ule mduara wenye mishale: sporofiti, spora, gametofiti, yai, utungisho, kisha sporofiti tena. Nilipata alama zote. Sikuwa nimewahi kuiona gametofiti kwa macho, na sidhani kama darasani mle kulikuwa na aliyewahi kuiona, upande wa wanafunzi wala upande wa ubao. Nje ya dirisha, kwenye tofali chini ya bomba linalovuja, zilikuwapo kibao. Hilo bado linaniuma.

Hebu tuliseme bila mishale. Kwa binadamu, seli zenye nusu ya kromosomu ni yai na mbegu ya kiume, na hizo hazina maisha yake zenyewe; ni wajumbe wa muda mfupi. Fikiria zingekuwa zinaanguka chini, zinaota, zinaishi miezi zikijilisha kwa jua, zina mwili na vijinywele vya kushika udongo, halafu ndipo zioane. Hivyo ndivyo kangaga linavyoishi. Kangaga unalolinunua, ile sporofiti, ni nusu moja ya maisha. Nusu nyingine, ile gametofiti, ni mmea mwingine kabisa, wenye sura nyingine, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo au pungufu, unaoishi peke yake bila kumtegemea mzazi, na ambao karibu hakuna anayeujua kwa jina.

Aliyeliona hili kwa ukamilifu, kwamba maisha ya kuvumwani (lile zulia la kijani la kwenye kuta zenye unyevu), makangaga na hata misonobari yanafuata mpango huo huo mmoja wa kupokezana vizazi, ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig. Alizaliwa mwaka 1824. Hakusoma chuo kikuu. Alifanya kazi kwenye biashara ya baba yake ya kuuza vitabu na muziki, alikuwa na macho yasiyoona mbali, na hadubini aliitumia kabla ya saa za kazi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1851, akiwa na miaka 27. Miaka 12 baadaye alipewa uprofesa Heidelberg. Namkumbuka kila ninapomsikia mtu akisema hawezi kuchunguza kitu kwa sababu si fani yake.

Nikaamua nami niione hiyo nusu ya pili.

Nilichukua kopo la aiskrimu lenye mfuniko unaoonyesha ndani, nikatia udongo uliochanganywa na vipande vya tofali lililopondwa, nikaumwagia maji yaliyochemka ili kuua kuvu na mbegu za magugu. Ulipopoa nikapiga kidole kwenye ile karatasi yenye vumbi la chai, spora zikaanguka juu ya udongo. Nikafunika. Nikaliweka dirishani, pasipo jua kali. Siku 10, hakuna kitu. Wiki ya tatu udongo ukawa na kivuli cha kijani, kama mtu aliyefuta chaki ya kijani ubaoni. Wiki ya saba kivuli kikagawanyika na kuwa vijani vidogo, vimelala chini, kila kimoja kina umbo la kopa, lile la kwenye karata.

Kwa lenzi niliona jinsi zilivyo nyembamba. Sehemu kubwa ya kopa ni unene wa seli moja tu. Mwanga unapita ndani yake kama kwenye kioo cha kijani, unahesabu seli moja moja. Katikati, kuelekea lile pengo la juu, pana unene kidogo. Kwa chini kuna vijinywele vinavyoshika udongo, na katikati ya vijinywele hivyo ndipo vinapokaa vifuko vya kiume. Karibu na pengo kuna vishingo vidogo, kila kimoja kikiwa na yai moja chini yake. Kopa moja linaweza kuwa na vyote viwili.

Lakini si kila mara. Katika aina nyingi za makangaga, kopa lililotangulia kukua hutoa homoni inayosambaa kwenye udongo, na spora zinazoota jirani zikiipata huwa madume: hubaki ndogo, hutoa mbegu za kiume tu, hazihangaiki kutengeneza mayai. Kwa hiyo mkubwa huwapangia wadogo kazi. Kwenye kopo langu niliona kopa kubwa tano au sita zimezungukwa na vipande vidogo visivyo na umbo maalumu. Mwanzoni niliwaona ni viwete. Kumbe ndio waume.

Rafiki yangu anafundisha baiolojia sekondari, na Jumamosi moja alinikaribisha kwenye maabara yao. Tulilaza kopa moja kwenye kioo, tukadondosha tone la maji, tukafunika. Dakika chache baadaye, kwa ukuzaji wa mara 400, vifuko vilianza kupasuka. Vilitoka vijiduara vilivyotulia, sekunde kadhaa hivi, kisha vikajikunjua kuwa kama springi fupi iliyoota manyoya upande mmoja, na vikaondoka vikizunguka. Rafiki yangu amefundisha mada hiyo miaka tisa. Aliinua uso kutoka kwenye hadubini na hakusema neno. Akainama tena.

Mwanasayansi wa Kijerumani, Wilhelm Pfeffer, alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba mbegu hizi za kangaga huvutwa na asidi ya maliki, ile ile inayoyapa matofaa uchachu wake. Ukiweka mrija mwembamba wenye asidi hiyo, zinaufuata na kuingia ndani. Njia ya kulifikia yai ni hiyo: kuogelea kwenye utando wa maji, milimita chache, kufuata ladha. Bila utando huo hakuna safari. Ndiyo maana nilikuwa nikinyunyizia kopo langu maji kila baada ya siku mbili kwa chupa ya kupulizia, na kila niliponyunyizia nilijua ninafanya nini: naandaa njia.

Nilipokuwa nangoja, niliirudia kuvumwani, ambayo nilikuwa naijua tangu utotoni bila kuitambua.

Bibi yangu mzaa mama aliishi kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la saruji lililokuwa likivuja upande mmoja, na ukuta wa upande ule ulikuwa na zulia la kijani ambalo tulipewa kazi ya kulikwangua kila likizo. Tuliliita ukoga. Likizo ifuatayo tulilikuta limerudi. Baadhi ya miezi zulia liliota vijiti vyembamba vyekundu, kila kijiti na kichwa, nasi tuliviita askari na tulivikata kwa kucha kushindana nani amewamaliza wengi.

Kamusi inaiita kuvumwani. Waliounda neno hilo waliunganisha kuvu na mwani, na mmea huu si kimojawapo. Kuvu haijitengenezei chakula. Hii inajilisha kwa jua. Kuhusu mwani wana nusu ya ukweli: mimea yote ya nchi kavu, kuanzia kuvumwani mpaka mwembe, imetokana na mwani wa kijani wa maji baridi uliopanda nchi kavu takriban miaka milioni 470 iliyopita. Mwani unaolimwa Zanzibar ni ukoo mwingine, ule mwekundu. Hata hivyo nalipenda neno hili, maana linabeba maji ndani yake.

Kwenye kuvumwani mambo yamegeuka kichwa chini. Zulia la kijani, lile tulilolikwangua, ndilo lenye nusu ya kromosomu. Ni ndugu wa yale makopa. Na wale askari wekundu ndio kizazi cha pili, chenye kromosomu kamili, sawa na kangaga zima la Mama. Ila hapa mtoto hatoki kwa mama. Anaota juu ya kichwa chake, ananyonya kutoka kwake, anakomaa na kufa palepale. Sisi Waluguru tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama tusingepaswa kupata shida kuielewa kuvumwani. Kichwani mwa askari kuna kifuko cha spora, na mdomo wa kifuko, kwa aina nyingi, una pindo la meno madogo mno yanayojikunja na kujikunjua kufuata unyevu wa hewa, yakitoa spora kidogo kidogo siku za ukavu.

Nazo pia mbegu zao za kiume huogelea, na safari ni ngumu zaidi kwa sababu mara nyingi dume na jike ni mimea tofauti. Kuna aina iitwayo Bryum argenteum, yenye rangi ya fedha, inayoota kwenye nyufa za saruji na lami karibu dunia nzima. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden waliweka vipande vya dume na jike vya aina hiyo kwenye plasta, vikitenganishwa na sentimita 2 au 4. Palipokuwa hakuna mdudu, hakuna mtoto aliyezaliwa. Walipowatia utitiri na vile vidudu vya udongoni vinavyoruka kwa mkia, watoto wakaota. Vidudu vilikuwa vikibeba mbegu za kiume mwilini. Kazi ambayo tumezoea kuisifia nyuki inafanywa kwenye ukuta wa tangi, na vidudu vya milimita chache tu, kwenye mmea usio na ua.

Nilichukua kipande cha zulia hilo, ukubwa wa sarafu, nikakitia kwenye bahasha ya kaki na kukisahau kwenye droo tangu Januari hadi Juni. Nilipokitoa kilikuwa kimekunjamana, rangi ya tumbaku, kinavunjika mkononi. Nikakiweka kwenye sahani nikakidondoshea maji kwa kijiko. Ukitazama kwa karibu unaona vijani vikijikunjua mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoamshwa kwenye basi lililofika. Chini ya dakika mbili kilikuwa kijani. Kuvumwani haina mizizi ya kweli ya kuvuta maji chini wala ngozi nene ya kuyafungia ndani. Hewa ikikauka nayo inakauka, shughuli zote za seli zinasimama, na ikinyeshewa inaendelea pale ilipoishia. Miti hufa kwa ukame. Nyingi kati ya hizi hungoja.

Na zinaponyeshewa, zinashika maji kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa kuvumwani kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alifanya kazi Morogoro na kupanda sana Uluguru. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980 alipima mimea iotayo juu ya miti. Kwenye msitu wa chini alikuta takriban tani 2 kwa hekta, uzito mkavu. Kwenye msitu wa juu, ule wa miti mifupi iliyopinda inayoishi ndani ya ukungu, alikuta karibu tani 14, na sehemu kubwa yake ni kuvumwani na jamaa zake. Hiyo ni hesabu ikiwa kavu kama kile kipande changu cha kwenye bahasha. Ikilowa ni jambo lingine. Mvua inayopiga milima ile haishuki yote mara moja ikiburuta udongo. Inaingia kwanza kwenye masponji hayo, na ukungu unaopita bila kunyesha nao unanaswa na kugeuka matone. Kisha maji hudondoka taratibu, siku nyingi, kuingia ardhini na kwenye vijito.

Vijito hivyo ndivyo mto Ruvu. Na Ruvu ndiyo maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Bomba langu likitoa maji mwezi Septemba, wakati wa kiangazi, ninaponawa uso nanawa maji ambayo baadhi yake yalilala kwenye kuvumwani ya Uluguru. Msitu wa ukungu ukikatwa au kuchomwa, miti inaweza kupandwa tena kwa kampeni ya siku moja yenye tisheti na picha. Zulia la tani 14 halipandwi na mtu. Linarudi lenyewe, kwa miongo mingi, kama kivuli na ukungu vimerudi kwanza. Ningependa wanaotuhesabia vyanzo vya maji wawe wanaihesabu na kuvumwani.

Ukoo huu una jamaa wengine wengi, na baadhi umeshawagusa bila kujua. Azola inayofugwa kwenye madimbwi kulisha kuku na samaki ni kangaga. Ndani ya vijani vyake wanaishi viumbe vidogo wanaonasa naitrojeni ya hewani, na wanarithishwa kutoka kizazi hadi kizazi ndani ya mmea, ndiyo maana imejaa protini. Salvinia iliyolifunika ziwa Naivasha tangu miaka ya 1960 nayo ni kangaga, tena tasa: haizai kwa spora zinazofaa, inaenea kwa kukatikakatika tu, na aliyeipunguza ni mbawakawa mdogo aliyeletwa kutoka kwao, Amerika ya Kusini. Na kuna kangaga dogo la jani moja, Ophioglossum reticulatum, linaloota Afrika pia, lenye kromosomu zaidi ya 1,200 katika kila seli. Wewe una 46. Kila mmoja wao angestahili makala yake.

Kopo langu lilifikisha wiki ya 14. Asubuhi moja, chini ya kopa kubwa kuliko yote, pale penye pengo, kulikuwa na kitu kimesimama. Makopa yote yamelala. Hiki kilikuwa kimesimama. Urefu wake haukufika nusu sentimita. Kilikuwa kijani kibichi sana, na ncha yake imejikunja kama mkia wa kinyonga.

Nikangoja vifike tisa. Kisha nikalipakata kopo kwenye basi mpaka Morogoro.

Mama alivaa miwani, akalisogeza kopo mlangoni kwenye mwanga. Nikamwonyesha kopa, nikamwonyesha kijani kilichotoka chini yake.

"Hiki kilichosimama ndicho kitakuwa kama lile lako," nikamwambia. "Hiki kilicholala ndicho mama yake."

"Na kitabaki, hiki kilicholala?"

"Kitakufa, Mama. Mtoto akishakuwa na mizizi yake."

Alikitazama muda mrefu. Halafu akalifunika kopo, akazunguka nalo nyuma ya nyumba, akaliweka kivulini chini ya bomba linalodondosha, akalisogeza mpaka tone likawa linaangukia pembeni ya mfuniko.